Vikombe Vilivyorudi Vimejaa

Karak,
14 Machi

Mpendwa Mjomba Ghazi,

Naapa leo nitakueleza yote, bila kuficha kitu. Lakini salamu kwanza. Je, kifua chako kimepona, na vumbi la Kuwait limetulia? Sisi tu wazima, ila Mama bado hali vizuri.

Unajua kwamba kaka yangu Yazan alimgonga Rahaf, binti wa Abu Saqr, kwa gari, akamvunja mguu, na tangu hapo yuko mahabusu. Jumapili hakimu aliahirisha kesi hadi mwezi ujao, akisubiri ripoti ya daktari. Mama akalia pale pale, akidhani tumeshindwa. Nikamweleza kama tulivyofundishwa darasani: kuahirisha si kufuta, wala si kuhukumu. Shauri husimama kwa muda likiwa hai, na siku yake hutajwa. Akajifuta machozi, akasema, "Haya, bibi mwalimu, omba basi siku hiyo iwe njema."

Jana wazee wetu walikwenda kwa Abu Saqr kuomba suluhu. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikimsaidia Rahaf masomo. Bado ni rafiki yangu. Kahawa ikamiminwa, na wageni wakaweka vikombe chini bila kunywa, kama ipasavyo, mpaka ombi lijibiwe. Lakini Baba mdogo Nayef, aliyekuwa akisema tangu asubuhi, akajisahau akanywa!

"We Nayef!" Abu Saqr akamwambia. "Hata hakimu hana haraka hiyo!"

"Nisamehe, ndugu yangu, koo limenisaliti."

Wakacheka wote. Rahaf akaninong'oneza, "Baba akishamfungia mtu mlango, hamtanii tena."

Kisha Abu Saqr akasema taratibu, "Leo sisemi ndiyo, wala sisemi hapana. Naahirisha hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mleteni Ghazi, niliyelala naye hema moja jeshini. Akikaa hapa, nitawaambia mnywe."

Vikombe vikarudi jikoni vimejaa, isipokuwa kimoja.

Wakili anasema suluhu ikipatikana kabla ya kesi, hakimu ataitazama, na huenda Yazan akarudi nyumbani.

Nisalimie mkaza mjomba Itidal na mdogo wangu Hamad. Mungu awafungulie kila njia mnayoikanyaga.

Sasa nijibu upesi, Mjomba: nimwambie Rahaf waandae na kikombe chako?

Mpwa wako akupendaye,
Sewar