Jina la Mama Kwenye Fomu ya Tatu

Jumatano, saa tisa alasiri. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye bakuli la sukari. Nimefunga madirisha, nimeketi, nimetulia. Ni utulivu wa mtu aliyeng'olewa jino: pameuma, lakini limetoka.

Shajara, leo nakuandikia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mume wangu, Mungu amrehemu, wala watoto wangu.

Jumapili binti yangu alijifungua mtoto wa kike. Jana, yeye akiwa bado amelala, nesi alinikabidhi fomu ya kuandikisha mtoto akasema, "Wewe ni mwalimu, jaza tu." Nikaandika jina la mtoto, siku na mahali. Nilipofika panapotakiwa jina la mama, mkono ukakataa, nikaja na fomu nyumbani bila kuimaliza. Jina la binti yangu nalijua, mimi ndiye niliyempa. Nilikumbuka fomu nyingine, niliyoijaza nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilichofanya siku hiyo kwa kalamu ya serikali.

Nianze na nyumba yetu, kwa sababu bila nyumba hiyo sitaeleweka.

Nilikulia Bulla Pesa, mtaa wa hapa Isiolo, kwenye ploti yenye nyumba mbili za mabati zilizotazamana. Baba alikuwa akinunua na kuuza mifugo, na zaidi ya nusu ya mwezi alikuwa njiani na malori ya Merti. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mke wake wa kwanza, Khadija, ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa mtu wa mjini. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na funguo za stoo zilining'inia kiunoni mwake. Wageni walimsalimu yeye kwanza na chai ilianzia kwake. Mungu hakumjalia mtoto.

Kwa hiyo baba alioa mke wa pili kutoka Merti, Gumato, akamjengea nyumba ya nyuma. Huyo ndiye aliyenizaa mimi na wadogo zangu, Guyo na Halkano.

Tulimwita Gumato. Ndiyo, sisi watoto wake. Watu wazima wote walimwita hivyo, nasi tukashika tulichosikia. Hakuna aliyetukosoa, na yeye mwenyewe aliitika bila kununa.

Gumato aliuza maziwa. Kabla jua halijapanda alikwenda kuwapokea akina mama waliotoka upande wa Ngaremara na maziwa, akayamimina kwenye vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi, akapita nayo nyumba hadi nyumba. Moshi ule ulikuwa kwenye shuka lake, kwenye nywele zake, kwenye viganja vyake. Leo nikiusikia popote nasimama kidogo. Wakati huo niliuonea aibu.

Mambo ya serikali yalikuwa ya Mama Mkubwa. Wanawake walipoanza kupewa kipande, yaani kitambulisho cha serikali, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza mtaani kwetu, akakishonea mfuko wake wa kitambaa na kukivaa shingoni kwa wiki nzima. Gumato alipoulizwa kwa nini hakwenda, alicheka tu: "Ng'ombe iliuliza mimi kipande lini?"

Basi. Mwaka wa themanini na moja, nikiwa darasa la sita, chifu alitangaza kwenye baraza kwamba kila mtoto ambaye hajaandikishwa aletwe aandikishwe. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Siku yetu ilipofika baba alikuwa Merti. Mama Mkubwa alivaa buibui lake zuri, akatuchukua sisi watatu. Gumato alibaki, maziwa hayangoji. Alituosha nyuso kwa pembe ya shuka lake akasema, "Nendeni mkaandikwe vizuri."

Karani alikuwa Mmeru mmoja mpole, Mutwiri, ameweka meza kwenye veranda ya ofisi ya chifu. Foleni ilifika barabarani. Kufikia saa sita alichoka, akaanza kuwagawia wanafunzi fomu na kalamu.

"Nyinyi wa shule, jazeni zenu wenyewe. Halafu mama ataweka kidole hapa chini."

Mama Mkubwa hakujua kusoma. Alinipa kalamu mbele ya watu kwa fahari kubwa. "Andika, mama," akaniambia, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuniita akinibembeleza. "Andika kila kitu kama kilivyo."

Niliandika ya Halkano kwanza. Jina la mama: Gumato. Nikaandika ya Guyo. Jina la mama: Gumato.

Ya tatu ilikuwa yangu.

Nitasema ukweli, na usiniulize kama nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua. Wiki moja kabla ya hapo Gumato alileta maziwa ya walimu shuleni, akaniona, akaniita kwa Kiborana kutoka kwenye ua, sauti yote. Binti wa mwenye duka mmoja aliziba pua akaniuliza, "Huyo ni mamako?" Nikajibu, "Huyo ni mke mdogo wa baba." Sikudanganya hata neno moja, na nilijua kabisa ninachokifanya.

Pale verandani nilimtazama Mama Mkubwa, buibui lake, viatu vyake vyenye kisigino kidogo, kipande chake shingoni. Nilitaka karatasi yangu iseme kwamba mimi ni wa nyumba ya mbele. Nikaandika Khadija, kwa hati nzuri kuliko zile mbili nyingine.

Mama Mkubwa alichovya kidole kwenye wino, akabonyeza mara tatu. Karani hakusoma hata moja.

Niliporudi nyumbani niliosha vibuyu vyote bila kuambiwa.

Vyeti vilitoka baada ya wiki kadhaa. Baba alivitia kwenye sanduku lake pamoja na vibali vya mifugo, akafunga. Hakuvisoma pia, maana kwake karatasi yenye mhuri ilikuwa imekwisha kazi yake. Nami nikakua. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikikumbuka kila siku. Baadaye nilikumbuka mara mojamoja, na baadaye zaidi nilijifunza kutokumbuka.

Mwaka wa themanini na saba nilifika umri wa kuchukua kipande. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda chuo cha ualimu na bila kipande nafasi ile ingekwenda. Ofisi ilitaka cheti cha kuzaliwa, na mzazi aje mwenyewe na kipande chake. Baba alikuwa safarini tena. Nilijua ni nani nilipaswa kumwomba, kwa mujibu wa karatasi. Niliahirisha kumwomba siku baada ya siku.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta Gumato mlangoni amevaa viatu. Hakuwa mtu wa viatu. Alikuwa amempa jirani maziwa yake amuuzie. Akafungua fundo la pembe ya shuka, akanionyesha kipande kipya, cha kwake. Alikuwa amekwenda kukichukua kimyakimya, bila kumwambia mtu.

"Twende," akasema. "Leo mimi naenda na wewe."

Ningesema pale pale. Njia nzima kutoka nyumbani hadi ofisini ningesema. Nilihesabu nguzo za stima.

Ofisini kulikuwa na karani kijana, mgeni mjini, na kando yake mzee wa mtaa wetu aliyewekwa kuthibitisha watu. Mzee huyo alikuwa amekunywa maziwa ya Gumato tangu sijazaliwa. Karani akapokea cheti changu, akapokea kipande cha Gumato, akatazama hiki, akatazama kile.

"Mama, hapa imeandikwa mama yake ni Khadija. Wewe ni Gumato. Sasa wewe ni nani kwake?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya simenti, na palikuwa na ufa kutoka mguu wa meza hadi kwenye kiatu cha Gumato.

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake, taratibu, "Mimi naleta yeye tu. Mama yake iko nyumba. Sasa hivi nakuja."

Mzee wa mtaa aliinua kichwa. Alimtazama Gumato, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Gumato akatikisa kichwa kidogo tu, na mzee akaanza kufuta miwani yake. Nadhani aliona kwamba aliyezaa ameshasema, na si kazi yake kumkosoa.

Mimi nilikuwa na ulimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa nimemaliza shule, niliweza kusema kwa lugha tatu. Sikusema kwa hata moja.

Gumato alichukua kipande chake, akakifunga tena kwenye pembe ya shuka, akaenda kumwita mke mwenzake.

Mama Mkubwa alikuja mbio. Alipoulizwa kama mimi ni mtoto wake alinigeukia, kisha akamjibu karani, "Ni mtoto wa nyumba yangu." Alama za vidole zikachukuliwa. Tulipotoka nje alinishika mkono, si kwa hasira.

"Mimi sikuzaa," akaniambia. "Bulla Pesa nzima inajua. Sasa ni serikali peke yake isiyojua. Ulifikiri umenipa zawadi, mama?"

Hakulizungumzia tena jambo hilo mpaka alipofariki, na nyumbani hakuna kilichobadilika. Nilikwenda chuoni. Siku ya kuondoka Gumato alinipa kibuyu kidogo cha samli kwa ajili ya safari. Alinichagulia kile kizuri kuliko vyote.

Hayo ndiyo niliyoyabeba miaka yote hii, shajara. Nimefundisha watoto wa watu kusema kweli. Nimejaza fomu za mtaa mzima, na kwa kila mama niliyemwandikia niliuliza mara mbili, "Jina lako hasa ni nani?" Watu walidhani mimi ni makini.

Gumato sasa ni mzee sana. Anaishi nami, hapa hapa Isiolo, chumba kinachopata jua la asubuhi. Sasa namwita Ayo, ambalo ndilo neno letu la mama. Nilianza kumwita hivyo nilipopata mtoto wangu wa kwanza, na siku ya kwanza aligeuka kutazama nani anaitwa.

Leo asubuhi nilimpelekea chai, nikaketi chini kwenye mkeka, nikamwambia yote. Fomu ya tatu, ua wa shule, viatu vya Mama Mkubwa. Nilisema bila kupumzika ili nisije nikaacha katikati. Nililia, ndiyo. Mwanamke mzima, mstaafu, mwenye wajukuu.

Alikunywa chai yake hadi nusu.

"Najua," akasema. "Karatasi zilipokuja, nilimwambia Guyo atoe kwenye sanduku la baba yako anisomee. Nilitaka kusikia jina langu likisomwa. Akasoma ya Halkano. Akasoma yake. Ya kwako akanyamaza. Nikamwambia soma, akasoma."

Tangu themanini na moja. Alijua wakati akinifunga nywele kila Ijumaa. Alijua siku aliponipa samli.

Nilimwuliza swali lililonijia, na sauti yangu ilikuwa ya yule msichana wa darasa la sita. Kama alijua kilichoandikwa, kwa nini alikwenda kuchukua kipande? Kwa nini alivaa viatu akaja nami, ili akataliwe mbele ya watu?

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilifikiri labda utasema."

Akamaliza chai yake, akaniomba nyingine, akaniambia sukari ilikuwa kidogo.

Kwa hiyo nimempigia wakili simu. Ameniambia inawezekana, nitaapa kiapo kwamba niliandika uongo, mama aseme ni wake, na jina litarekebishwa. Ameniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwa umri huu, karatasi hiyo ni ya kazi gani?" Nikamwambia anitengee saa tatu kesho asubuhi.

Ayo nilipomwambia alisema magoti yanamuuma, ofisini ni mbali, watu watacheka. Sikubishana naye. Nikaenda kujaza ile fomu ya mjukuu wangu, jina la mama na yote, nikairudisha hospitalini kwa miguu katika vumbi hili.

Nimerudi sasa hivi. Amelala usingizi wa alasiri. Mlangoni kwake pana viatu vyake, vimefutwa, vimepangwa vikitazama nje, na juu ya kiatu kimoja ameweka kipande chake.

Kesho wakili au karani wake akiuliza huyu ni nani kwangu, nitamjibu kabla hajamaliza swali.