Nyoka wa Njuga Kwenye Kuni za Mama

Alhamisi. Mvua inaipiga Durban tangu asubuhi, wateja hakuna, na mimi, fundi wa simu nambari moja wa soko la Warwick (waulize wote, hata wanaonichukia), nimeshinda nikisoma habari za nyoka.

Nyoka wa Amerika. Yule mwenye njuga mkiani. Akikasirika anazitikisa kama kayamba ya kwaya.

Dada yangu Furaha ameniandikia leo kwamba Mama anaye nyuma ya nyumba.

Wawili hao walipelekwa Arizona, Amerika, mwaka jana kwa mpango wa wakimbizi, mimi nikabaki huku. Kule, jiko la gesi Mama alilikataa. Maharage ya gesi, anasema, yanaiva ngozi tu, ndani yamenuna. Akajenga jiko kama la kwetu Uvira: mafiga matatu, kiukuta cha mawe cha kuzuia upepo, na kando yake rundo la kuni la kutosha kijiji. Picha nilimwonyesha kila mtu hapa sokoni. Muoneni Mama, ameiteka Amerika.

Sasa nasoma nyoka huyo anapenda nini. Anapenda ardhi kame yenye jua na mawe. Si jangwani tu. Wako wengine msituni, kwenye majani marefu, milimani, hata kando ya vinamasi, kutoka Kanada mpaka Argentina. Afrika hayupo hata mmoja. Asubuhi anaota jua juu ya jiwe. Jua likikaza, anaingia kwenye nyufa, kwenye mashimo ya panya, chini ya kuni.

Eish. Mama amemjengea hoteli.

Nikampigia. Huku jioni, kule asubuhi, Furaha ameshaenda kazini. Nikajifanya bingwa. Nikamkumbusha nilivyoua koboko kwa fagio kule Isipingo (alikuwa amekwisha kufa, lakini hilo Mama halijui). Nikamwambia asiingize mkono kwenye kuni, arudi ndani, waitwe watu wa kukamata nyoka. Akasema walishakuja juzi, nyoka akajificha, wakamshauri abomoe jiko na aondoe kuni zote. Akawapa chai.

Hakubomoa.

Nikaomba. Nikafoka kidogo. Nikalia kidogo pia, nikasingizia mafua.

Ndipo akaniita papa, maana nabeba jina la baba yake, na akiniita hivyo najua nimeshindwa.

"Papa, huyu anapiga hodi. Nikikaribia anatikisa, narudi nyuma, tunaheshimiana. Wale waliotuchomea nyumba Uvira, nani alisikia hodi yao?"

Nikaongeza sauti ya simu, nikaibana sikioni.

Mama hakukata simu. Nikamsikia akivunja vijiti, akipuliza moto, akikohoa moshi. Kisha, kwa mbali, sauti kavu, kama punje za mahindi ndani ya kopo.

"Umemsikia?" akauliza polepole, kama anayenitambulisha kwa mgeni.

Nikasema nimemsikia. Nikasema rudi nyuma, Mama. Akasema ameshasimama kando, niache kelele, namtisha nyoka wa watu.

Sina ndege. Sina fagio refu la kuvuka bahari.

Basi kesho nitampigia saa anapowasha moto, nikae kwenye simu mpaka maharage yaive. Haitamsaidia kitu, najua. Lakini wewe unayesoma hapa, ungefanya nini?