Sponji Yangu na Sponji Yao

Jumanne usiku

Bado nimeudhika, ingawa nacheka. Leo kliniki, msichana mmoja anayefanya utafiti wa kupanga uzazi aliniuliza kama nimewahi kutumia sponji.

"Mimi huuza magodoro Shauri Moyo. Nalalia sponji kila siku!"

Alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Kumbe ni kisponji cha kuzuia mimba, mwanamke hujiwekea ndani mwenyewe.

Sindano za kupanga uzazi zaniumiza kichwa, na mtoto wa nne sitaki. Nikamuuliza, "Kati ya wanawake mia, wangapi hushika mimba wakikitumia?"

"Wasiozaa, kama kumi na wanne kwa mwaka. Waliowahi kuzaa hushika zaidi, mama."

Nami nina watatu! Hesabu ikakataa.

"Sponji yangu ikiharibika, mteja huirudisha dukani. Yako ikikosea, nirudishe nini?"

Tukacheka sote. Kesho naenda kuwekewa koili, kile kifaa cha mfuko wa uzazi kisichokosea ovyo.