Kipkurui, Uliyemngoja Kogo Amalize

Mwaka umezunguka, Benard Kipkurui, tangu uinuke kwenye kile kiti chako cha plastiki nyuma ya hoteli ya dada yako Chelimo, hapa Kapsoit, ukasema, "Haya, sasa twende hospitali." Hukufika mlangoni.

Ulikuwa kitinda mimba wa mama yetu Rodah wa Roret, na kama kitinda mimba yeyote ulidekezwa ukadeka. Mandazi yalikaa mfukoni mwako kama sarafu. Ukicheka, wateja wa mbele waliacha vikombe wakauliza kuna nini huko nyuma. Hakuna redio ya jirani iliyokushinda, wala hukuwahi kumwambia mtu, "Rudi kesho."

Lakini Kapsoit unaijua, midomo haina likizo. Phelis wa mboga, aliye mkabala na hoteli, ndiye alikuwa mwenyekiti wa maneno.

"Chelimo wee, huyo kaka yako na mashine zake zinazonguruma, si anachapisha pesa za bandia huko ndani?"

"Kama anachapisha pesa, Phelis, mbona mpaka leo anavaa sweta ya shule?"

Ulisikia yote kupitia dirisha la jikoni. Ukatoka na kikombe chako, ukamsalimu Phelis "Chamgei, mama," ukamtengenezea simu, ukarudi kazini.

Kazi yenyewe ilimchukua Chelimo muda kuielewa. Ulimweleza akiwa anasukuma chapati. Ulisema programu ya kompyuta haiji ikiwa nzima. Inakuja na mapengo: hesabu imemwachia huyu, maandishi imemwachia yule. Lazima awepo wa kuwaita wote na kumkalisha kila mmoja mahali pake, ndipo kazi ianze. Huyo anaitwa kiunganishi. Wewe ndiwe ulikuwa unakitunza, pamoja na kikundi cha watu wa ng'ambo ambao hukuwahi kuonana nao.

"Kwa hivyo wewe ni weita," Chelimo akasema.

"Zii, dada. Weita anaonekana. Mimi ni yule wa kuleta kuni, maji na maziwa kabla hoteli haijafunguliwa."

"Na mashine zote hizi ni za nini?"

"Wewe una jiko la kuni, la makaa na la gesi. Chapati ni ile ile, lakini uwashe la gesi vile unawasha la kuni, uone kama hutachoma Kapsoit yote. Prosesa, yaani akili za mashine, ziko hivyo. Kila moja na desturi yake, na kiunganishi lazima kizijue zote."

Ndiyo maana rafu yako ilijaa vifaa vya kila ukoo. Simu iliyopasuka kioo, laptopu isiyo na kifuniko, vijisanduku vya intaneti ulivyoletewa na rafiki yako Calvince, yule fundi wa stima wa kiwanda cha majani chai. Na pale chini, kubwa kama debe, ikipumua kama mashine ya posho, ile kuukuu kuliko zote. Ulimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis chetu. Ukibadilisha neno moja tu katika kiunganishi, ulijaribu kwa mashine zote, na Kogo alikuwa wa mwisho. Wengine walimaliza kabla chai haijachemka. Kogo angeweza kuchukua siku nzima.

"Mruke basi," Calvince alikuwa akikutania. "Omera, ndugu yangu, huyu mama angezikwa zamani."

"Nyumba gani inakula kabla nyanya hajapakuliwa?" ulijibu. "Kogo asipomaliza, kazi haijaisha."

Tulicheka. Leo hatucheki.

Wiki ile ya mwisho, wenzako wa ng'ambo walikuwa wamebadilisha kitu kwa haraka zao. Mashine zote zilienda sawa, isipokuwa ukoo wa Kogo, zile zenye prosesa kama yake. Kila programu iliyofunguliwa ilitumwa kwenye mlango usiokuwepo, ikafa hapo hapo. Walikuandikia, "Tafadhali, ni wewe tu unayejua hii." Ukakubali. Tumbo lilikuwa limeanza kukuuma. Mama alipiga simu kutoka Roret, akalia, akakuamrisha uende hospitali. Calvince alikuja na pikipiki, akaiacha ikiunguruma nje. Wewe, ukiwa umejishika ubavu, ukamwambia, "Nimesharekebisha. Acha tu Kogo amalize."

Kogo alimaliza mchana, na hakukuwa na kosa. Ukatuma kazi, ukatabasamu, ukainuka. Daktari alituambia kidoletumbo kilikuwa kimepasuka kitambo.

Wenzako hawakuja matangani, na hatukuwatarajia. Lakini ujumbe wao ulimfikia Calvince tukiwa bado tumekaa kwenye nyasi za Mama: poleni sana, na je, kuna mtu anajua paswadi yake?

Halafu wakasema ukoo wa Kogo utaondolewa kwenye kiunganishi, kwa sababu unachelewesha wengine na aliyeutunza hayupo. Hapo Chelimo alisimamisha hoteli. Alimkalisha Calvince mezani, akatamka, yeye akaandika: mashine tunayo, stima tunalipa, Calvince atajaribu kila badiliko kama alivyokuwa akifanya Kipkurui. Tafadhali msiguse kazi aliyoifia. Wakajibu kwa adabu sana. Walitushukuru kwa moyo wetu mwema. Kisha wakafuta. Calvince alipotusomea sababu waliyoiandika, Chelimo alimwambia arudie, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Waliandika: usafi.

Usafi, Kipkurui. Uliingoja hiyo kazi ukijikunja kwa maumivu, wakaipiga ufagio.

Hawajui kwamba kile kijisanduku kinacholinda baridi ya tangi la maziwa Roret, pale Mama anapopeleka maziwa kila asubuhi, ni ukoo wa Kogo. Hakitapata marekebisho mapya tena, na kikiharibika hatuna wa kuita. Lakini kwa sasa, stima ikipotea ikarudi, kinajiwasha, na kabla ya kitu kingine chochote unaamka wewe. Unaita kila mmoja, unamkalisha mahali pake, kisha unajiondoa. Wakulima wanakuta maziwa ni baridi, wanapanga foleni, wanazungumza siasa.

Jumamosi hii tunakutana nyumbani Roret kwa maombi. Waliokuzika waje wote, nyumba ijae vile ulipenda. Mbuzi yuko, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, iko, chapati za Chelimo ziko. Kogo amewekwa sebuleni, Calvince atamwasha maombi yakiisha, na hakuna atakayepakuliwa kabla hajamaliza.

Phelis ameshaanza kulalamika. "Lakini Mama Rodah, si chakula kitapoa?"

"Kipoe," Mama akamjibu. "Mwanangu alingoja akiwa na maumivu. Nyinyi mtangoja mkiwa na njaa."

Unakumbukwa na mama yako Rodah, dada yako Chelimo, rafiki yako Calvince aliyekuwa ndugu, jamaa wote wa Roret na Sotik, na majirani wa Kapsoit, Phelis akiwemo.

Wao wamekufuta. Sisi tutakukumbuka daima.