Shanta Kichwani Mpaka Napoli

Jenova, Italia

Mwanangu Veneranda,

Najua shikamoo yako imekwisha kunitangulia njiani, basi marahaba, tena marahaba. Kifua kile cha baridi ya Mgeta kimekuacha? Mama yako mdogo magoti yanamruhusu kupanda shambani? Unajifunika vizuri? Mimi ni mzima kabisa. Ukiona mwandiko unacheza usidhani ni homa, ni furaha. Mwalimu wetu wa kisomo alitufundisha jambo kubwa liandikwe kwanza, lakini hili la kwangu halitaki kutangulia. Nivumilie, nitalifikia. Ni lile la Kigoma.

Ulipoandika kwamba umemaliza chuo cha ualimu na umepangwa kufundisha Kigoma, nilijibu siku ile ile kwamba usiende. Nikamwandikia na mjomba wako aende ofisi ya elimu akuombee Turiani, mkoa wetu huo huo, nawe usitie sahihi popote mpaka yeye aseme. Ukanyamaza kama mtoto mwenye adabu. Kunyamaza kwako ndiko kulikonisumbua mimi.

Basi joto la huku likazidi, na hawa ninaowafanyia kazi, yule mhandisi aliyejenga barabara kwetu na mkewe, wakaenda kupumzika ufukweni, nami wakanipa wiki mbili niwe huru. Binti yao Lucia, niliyemlea pale Morogoro tangu hajaota meno na sasa ananipita urefu, akanikuta jikoni na barua yako.

"Mama Vene, unalia nini?"

"Mwanangu anapelekwa Kigoma."

"Kigoma si Tanzania hiyo hiyo?"

"Ni Tanzania, lakini ni mwisho wa reli! Tena peke yake!"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe umevuka bahari, unaogopa treni ya Kigoma?"

"Mimi sikuvuka, nilivushwa," nikamwambia. "Nilishikwa mkono na mama yako kama mgonjwa. Peke yangu hata Morogoro mjini sijawahi kushuka." Na ni kweli, Vene. Siku zote ni juu ya lori la kabichi, tumebanana na wenzangu, mmoja akishuka kujisaidia wote tunamngoja.

Lakini neno lile likanikaa. Uji wa mtoto huonjwa na mama kwanza. Nikasema, nitasafiri peke yangu nione kama njia inanyweka, ndipo nijue la kumwambia mwanangu.

Lucia akaniazima shanta, mfuko ule mkubwa wa mgongoni ambao vijana wa huku hutembea nao mji hadi mji. Nikauvaa, nikahisi aibu. Mgongoni ni mahali pa mtoto, mwanangu, si pa viatu na masufuria. Nikautoa, nikaviringisha ile ngata yangu ya kanga kuukuu, nikautwika kichwani. Hapo shingo ikakumbuka kazi yake.

We Vene! Nimefika Firenze! Kuna kanisa lenye kuba jekundu kubwa hata nikadhani kilima kimejengewa mji kuzunguka. Nilisalimia kila niliyepishana naye kama njiani kwetu, mpaka saa nne koo likakauka. Wengi hawakuitika, lakini mzee mmoja mshona viatu alivua kofia. Nililala kwa masista, asubuhi nikapanda treni yangu mwenyewe, tiketi nimeibana kifuani.

Roma sasa, maji yanatoka kwenye midomo ya watu wa mawe mchana kutwa na hakuna anayekinga ndoo! Nikaweka shanta chini, nikaosha miguu. Askari akapiga filimbi.

"Mama, hapa haogwi!"

"Siogi, nanawa tu. Mbona yule njiwa anaoga?"

Akanitazama, akamtazama njiwa, akageukia upande mwingine mpaka nikavaa viatu.

Tena kuna ngazi za mawe ndefu. Vijana wenye mashanta wamejilaza katikati, wanahema. Mimi nikawapita na mzigo kichwani, mikono mitupu. Wakapiga makofi! Nikawaambia kimoyomoyo, njooni Mgeta siku ya soko mjue kupanda ni nini.

Lakini niliyotaka kukwambia ni ya Napoli. Napoli vichochoro vinapanda kama vya kwetu, na nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Mlangoni pa nyumba moja nikamkuta bibi ameketi na beseni la maharage mabichi, anamenya peke yake. Vene, wewe ungefanyaje? Mwanamke akikukuta unamenya, si huketi akakusaidia hata kabla ya habari za nyumbani? Nikasalimia, nikatua mzigo, nikaketi kando yake, nikachota maharage.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi wa maharage!"

Madirisha yakafunguka yote. Jirani akashuka na povu la sabuni shavu moja, alikuwa ananyoa.

"Anaiba nini, Bi Asunta?"

"Tazama mwenyewe! Ananimenyea!"

"Huo ndio wizi? Basi akimaliza aje aibe na kwangu, kuna vyombo havijaoshwa."

Kichochoro kizima kikacheka, na bibi mwenyewe mwishowe akacheka. Akanisogezea kigoda. Kiitaliano changu ni cha jikoni, lakini maharage nayo ni ya jikoni, tukaelewana. Nikamweleza habari zako na Kigoma yako. Nikamwuliza kama naye ana binti.

"Mmoja. Yuko Ujerumani, kiwandani."

"Ulimruhusu?"

Akamenya matatu, manne. "Nilimkatalia miaka mitatu. Asubuhi moja nikakuta kitanda kimetandikwa, mtu hayupo."

Nikamwambia pole, mabinti huondoka.

"Kuondoka siyo kidonda," akasema. "Kidonda ni kwamba alisafiri na njaa. Mimi nipo, unga upo, jiko linawaka, na mwanangu akasafiri na njaa kama mtu asiye na mama."

Sikuweza kumenya tena.

Kwa hiyo Veneranda, nenda Kigoma. Neno langu nimeliondoa. Mpe mjomba wako barua hii aisome kwa macho yake, asije akasema umeitunga, kisha katie sahihi yako kabla shule hazijafunguliwa. Mama yako mdogo akukaangie mahindi na njugu, akuchemshie mayai, avifunge kwenye jani la mgomba kama ninavyofunga mimi, na avifunge yeye, si wewe. Hofu ninayo bado, usidhani imekwisha. Usitoe kichwa dirishani. Usishuke Tabora hata wakisema treni inakaa. Viatu vifanye mto. Ukifika, tafuta mama wa jirani anayemenya kitu, uketi, lakini usalimie kwa sauti kwanza.

Msalimie mama yako mdogo anayenishikia nyumba, na mjomba wako, mwambie dada yake amekuwa msafiri asishangae. Msalimie mwalimu wa kisomo, mwambie mwanafunzi wake amesoma vibao vya stesheni vyote mpaka Napoli hakupotea. Na bibi yako, mama wa baba yako, mshikie miguu kwa ajili yangu.

Katika kifurushi kinachoifuata barua hii nimekuwekea ngata yangu. Imeona Firenze, Roma na Napoli, sasa ione Kigoma. Lakini posta ina miguu mifupi. Kama haijafika na treni imefika, usiingoje. Panda. Itakufuata.

Ni mimi mama yako, niliyetangulia kuonja