Kioo Nilichokiosha

Kwako Baba uliyetutangulia,

Nimelishusha lile boksi lako kutoka juu ya kabati ya Mama. Amenigombeza, kama kawaida yake: "Usiniletee vumbi ya babako kwa meza ya chakula." Lakini nilipoanza kulipangusa alikuja akasimama kando yangu, akalishika pembe, na hakuliachilia haraka.

Unakumbuka tulivyolitengeneza? Nilikuwa darasa la sita, tukikaa kwenye ile ploti ya kupanga kule Kesses, nawe ukiwa fundi wa maabara pale chuoni. Ulibandua ngozi za kijivu kwenye skrini za kalkuleta zilizokufa, ukanipa mbili nizishike mbele ya dirisha. "Zungusha moja. Polepole, Chebet." Nikazungusha, na dirisha lote likazimika mkononi mwangu mchana kweupe. Aki Baba, nilipiga nduru! Ulicheka mpaka miwani ikateleza puani. Ukaniambia mwanga hutetemeka kila upande, na ngozi ile huruhusu upande mmoja tu upite; ukiikingamisha ya pili, hakuna kinachopita.

Basi boksi likawa ni hilo: tochi ya leza, ngozi moja, kioo cha kurudisha mwanga, ngozi ya pili uliyoigundisha kwenye protrakta yangu ya shule bila kuniomba, na tundu la kuchungulia. Kioo kitupu, ulisema, ukizungusha utafika mahali mwanga unazimika kabisa. Kikiwa na utando juu yake hauishi wote, unabaki kidogo. Nikakuuliza utando wenyewe ni mwembamba namna gani. "Chukua unywele wako, uupasue mara elfu. Hapo ndipo tunapopima."

Tangu hapo kutembea nawe kukawa shida. Tukitoka kanisani unasimama kwenye dimbwi lililomwagikiwa mafuta ya taa, unaangalia rangi za zambarau na kijani. "Huo pia ni utando." Mama yuko mbele anafoka kwamba watu wazima hawachungulii matope na nguo za Jumapili. Nazikosa sana Jumapili hizo.

Sasa nikuambie kuhusu ile Jumamosi. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa anakuja kuliona boksi, ili akiridhika wanafunzi wake walitumie. Ulikuwa na kioo kimoja tu chenye utando, ulichokingoja kwa rafiki yako miezi mizima, nawe ukakiweka kwenye kisosa cha chai pale kwa vyombo. Mama akaniita: "Wageni wanakuja, osha kila kitu, nisiaibike." Na unajua vile alitulea, doa kwa glasi ni aibu ya msichana. Nikaona kioo chako kina doa la zambarau. Nikakisugua kwa sabuni na jivu mpaka kikang'aa, nikakirudisha kwenye kisosa, tena nikijisifu.

Ulipochungulia, mwanga ukazimika kabisa. Ukazungusha tena. Ukabadilisha betri. Ukapangusa jasho. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai, na nilikuwa nimeshaelewa. Mgeni akamaliza kikombe chake, akasema kwa upole, "Mzee, kifaa chako kinasema hakuna kitu. Kitatupotoshea wanafunzi." Ulimsindikiza hadi kwa geti. Uliporudi ulilifunga boksi kwa kamba. "Limenidanganya," ukasema, na hukulifungua tena.

Siku hiyo niliogopa kukuambia. Miaka iliyofuata niliona haya, na haya, Baba, ni mbaya kuliko woga, kwa maana haipungui. Hata ulipolazwa kule hospitali ya Plateau nilikuja nimejipanga maneno yote, nikakaa karibu na kitanda, nikaishia kukuuliza kama umekunywa uji.

Siku hizi ni mimi ninayefundisha maabara, katika chuo kimoja hapa mjini Eldoret. Tumeletewa kifaa kipya cha kupima utando, kidogo, kinaenea kwenye mkoba wa kwenda kanisani. Jana nikalibeba boksi lako hadi kazini. Kioo kile bado kilikuwa ndani, umekifunga vizuri kwa gazeti. Nikakiweka kwenye kifaa kipya: hakuna utando. Nikakiweka kwenye boksi lako: giza kamili. Kisha nikachukua kioo cha maabara chenye utando. Kifaa kipya kikaupima, na kwenye tundu lako mwanga ukakataa kuzimika, hata nizungushe vipi. Nikalia mbele ya wanafunzi wangu bila kujificha.

"Madam, kwani hii inafanya kazi kweli?" mmoja akaniuliza.

Nikamwambia inafanya, na Jumatatu wataanza nayo.

Hata siku ile lilifanya kazi, Baba. Boksi lako lilisema kweli mbele ya mgeni. Ni mimi niliyekudanganya, nikiwa nimeshika trei. Nisamehe.

Ni mimi, kitinda mimba wako, mwosha vyombo.