Mafuta ya Kondoo kwenye Diski ya Breki

Mjukuu wangu Lemayian,

Amani ya Bwana ikufikie Mombasa. Hapa Kajiado mvua imenyesha, na bibi yako ni mzima.

Umeuliza uanze kubadilisha nini katika pikipiki yako kuukuu ya mbio. Mimi nilipoleta yangu nyumbani, mama aliibariki kwa mafuta ya kondoo, akaipaka hata diski ya breki kwa kuwa iling'aa. Karibu na Kitengela ng'ombe wakaingia barabarani. Nilibana breki, pikipiki ikaendelea kana kwamba sikugusa kitu. Nilijikuta kichakani nimeduwaa, mkono ungali umebana.

"Kijana," mchungaji wa ng'ombe wale akauliza, "barabara imekukosea nini?"

Sijui hadi leo kama baraka ile ndiyo iliyoniangusha au ndiyo iliyoniponya.

Anza na breki. Bibi yako ameshayeyusha mafuta ya kuibariki yako. Ukifika, mwonyeshe tangi alipake, nawe uifunike diski.

Babu yako akuombeaye